Panga kutokea Dodoma: SGR, mabasi na magoti ya Shangazi

Nyota kwanza, maelezo baadaye, maana najua wapo wanaotaka jibu tu wakakate tiketi. SGR, yaani treni ya umeme, kati ya Dar na Dodoma: tano, na mimi si mtu wa kugawa tano. Basi la Dodoma–Iringa: mbili. Basi la Iringa–Morogoro: nne. Gesti ya Iringa: moja, tena hiyo moja ni ya mama aliyekuwa anapika uji. Mzunguko mzima, yaani Dar, Dodoma, Kondoa, Iringa, Mikumi, Morogoro na kurudi: tano tena, na ndiyo sababu naandika.

Kazini kwangu mimi ndiye ninayewapangia wakaguzi wa hesabu safari za mikoani, kwa hiyo ndugu na marafiki wamenigeuza ofisi ya safari. Swali huwa lile lile: nina likizo, nataka kuiona Tanzania, nianzie wapi? Na karibu wote huja wameshachora mpango wao. Dar–Arusha, kurudi Dar. Dar–Mbeya, kurudi Dar. Dar–Mwanza, kurudi Dar. Nchi ina kilomita za mraba zaidi ya laki tisa, mikoa 31 na makabila zaidi ya 120, halafu mtu anataka kila mguu wa safari auanze kwa foleni ya kwenda stendi ya Mbezi Luis. Nusu ya likizo inaishia Kibaha na Chalinze.

Chukua ramani uitazame upya. Barabara ya kutoka Arusha inateremka Babati, Kondoa, inaingia Dodoma, inatokea Mtera kwenda Iringa na Mbeya. Barabara ya kutoka Morogoro inapita hapo hapo Dodoma kwenda Singida na Mwanza. Njia panda ya nchi ni hiyo. Zamani kulijua hilo hakukusaidia kitu, maana njia ya Kondoa na ile ya Mtera zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami ya Dodoma–Iringa ikatangulia, ya Dodoma–Babati ikakamilika 2018. Kilichobaki kilikuwa kufika Dodoma hujachoka, na hilo treni ya umeme imelimaliza tangu Julai 2024. Tatizo ni kwamba watu bado wanapanga kwa ramani ya zamani iliyo kichwani.

Safari hii niliipangia Shangazi yangu wa Tanga, muuguzi mstaafu, ambaye magoti yamemgomea siku nyingi. Masharti yake yalikuwa matatu. Haondoki popote kabla hajaswali alfajiri. Hachimbi dawa porini, basi lisimame penye choo cha maana au lisisimame kabisa. Na lazima amwone mwanawe aliyehamishiwa Dodoma na wizara, kisha rafiki yake wa chuo cha uuguzi anayeishi Iringa. Ukipanga safari kwa masharti ya mtu wa namna hiyo, utaona upesi huduma ipi ni ya kweli na ipi ni rangi tu ya bodi la basi.

Tiketi ya SGR nilikata kwa simu. Unachagua tarehe na treni, unajaza jina na namba ya kitambulisho, unachagua siti, unaletewa namba ya malipo na kulipa kwa mtandao wa simu. Jaza jina kama lilivyoandikwa kwenye NIDA, usiandike lile la mtaani, maana Shangazi mtaani ni Mama Fulani na kwenye kadi ni mtu mwingine kabisa. Nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa treni ilipoanza ni shilingi 13,000 Dar–Morogoro na 31,000 Dar–Dodoma. Treni za haraka na madaraja ya juu bei yake ni nyingine. Ukitaka kusafiri Desemba au wiki ya Idi, kata mapema, halafu ndiyo uombe ruhusa kazini.

Stesheni ya Dar iko mjini, karibu na ile ya zamani, na kwa mwenye mzee hilo pekee ni ushindi. Kuna lifti na ngazi za umeme. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, kwa hiyo fika na muda wa kutosha. Shangazi aliikataa ngazi ya umeme, akaingia kwenye lifti, akatoka juu anatabasamu. "Mwanangu, hapa hata Bi Mdogo angeweza kuja." Bi Mdogo ni mdogo wake wa mwisho, ambaye hajatoka Tanga tangu sijui lini.

Sasa nieleze kwa nini tano. Shangazi anafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, kazi ya uzi mwembamba na sindano ndogo inayotaka jicho na mkono uliotulia. Tulipoiacha Pugu aliutoa uzi wake. Treni ikapandisha mwendo, na hii inafika kilomita 160 kwa saa, mimi namtazama yeye badala ya dirisha. Sindano inaingia, inazunguka, inatoka. Hakukosa tundu. Ngerengere tukaipita ua la kwanza limekamilika, Morogoro la pili linakaribia kuisha. Alinyanyua kichwa mara moja tu, alipoona mkonge, akauliza kama nao ni wa Tanga.

Ukitoka Dar kaa upande wa kushoto. Milima ya Uluguru inakuja upande huo, na asubuhi ikiwa na mawingu shingoni inapendeza kweli. Baada ya Morogoro ndipo safari inapobadilika: tambarare ya Mkata, kisha Kilosa na milima yake. Hapo treni inaingia kwenye mahandaki, taa, giza, taa, na katikati unaona bonde la Mto Mkondoa. Reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Kigoma 1914, imepita humo bondeni chini, na mto umeisomba mara nyingi kati ya Kilosa na Gulwe hadi watu wamezoea kusikia habari zake kila masika. Ukiitazama reli mpya ilivyopandishwa juu na kupitishwa ndani ya mlima, unaelewa bila mhandisi kukueleza. Kisha ghafla miti inapungua, ardhi inakuwa nyekundu, mibuyu inasimama mmoja mmoja, umeingia Ugogoni. Kwa treni ya haraka ni saa tatu na nusu hivi tangu Dar. Basi kwa njia hiyo hiyo likiwahi sana ni saa sita, na foleni ikikaza ni nane au zaidi.

Najua kuna watakaonikumbusha yale ya 2024, shirika la reli lilipotangaza kuwa ngedere na bundi walileta hitilafu ya umeme, nchi nzima ikacheka. Nilicheka pia. Ndiyo maana sipangi basi la kuunganisha siku ile ile ya kufika Dodoma. Hata hivyo Dodoma si mahali pa kupita mbio, kinyume na wasemavyo watu wa Dar.

Dodoma kaa siku za kutosha. Mji una upepo mkavu, jioni baridi inakuja bila taarifa, na msimu wa zabibu ukiukuta utanunua ndoo barabarani bila kukusudia. Shangazi alibaki kwa mwanawe akila mlenda, ambao alidai hauwezi na akaongeza mara mbili. Mimi na binamu tukaenda Kolo.

Hapa nitakaa kidogo, maana katika mzunguko wote ndipo palipostahili nauli. Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu ya kwenda Babati. Ukiondoka Dodoma asubuhi unaenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa gari binafsi. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Unalipa na kujiandikisha kwenye ofisi pale Kolo, unapewa mwongozaji, gari linapanda njia mbaya hadi linapokomea, kisha ni miguu na mawe. Magoti ya Shangazi yasingefika, nilijua tangu nilipokuwa napanga. Juu kuna jiwe kubwa limeinama kama baraza, na chini ya kivuli chake kuna watu wembamba warefu wamechorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vikubwa vya ajabu, wengine kama wanacheza ngoma, na wanyama pembeni. Kwingine kuna michoro myeupe, ya baadaye zaidi. Mwongozaji, Mrangi wa hapo hapo, alituonyesha pango ambalo wenyeji bado wanalitumia kwa matambiko. Tulipiga picha michoro, ile sehemu ya tambiko tukaiacha.

Na njiani kuna jambo ambalo hakuna tangazo la utalii linalolisema vizuri. Kondoa na Chemba ndipo familia nne za lugha za Afrika zinapopakana: Warangi na Wagogo wenye lugha za Kibantu, Waburunge wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga na Wamaasai wenye za Kiniloti, na Wasandawe ambao lugha yao ina vidoko vya ulimi. Mnadani Kondoa unaweza kuwasikia kwa saa moja, wote wakiishia kupatana bei ya mbuzi kwa Kiswahili. Mtu anayetaka kuiona Tanzania mbalimbali kwa siku chache, badala ya kumtembeza pembe nne za nchi, ningempeleka mnada mmoja wa huko.

Sasa basi la nyota mbili. Dodoma–Iringa ni kilomita 260 hivi, na mabasi yanaondokea stendi kuu ya Nanenane. Kampuni siitaji. Kwenye simu walisema saa kumi na mbili na nusu, siti mbili kwa mbili, kiyoyozi. Tulipofika, kiyoyozi kilikuwa madirisha. Kuondoka ilikuwa saa mbili kasoro, baada ya mpiga debe kuapa mara nyingi kuwa "tunatoka sasa hivi, bi mkubwa", na baada ya kondakta kuwapanga watu kwenye ndoo katikati ya njia. Shangazi alimwita kijana, hakupandisha sauti. "Mwanangu, mimi nimefanya kazi wodi ya majeruhi. Hao uliowakalisha kwenye ndoo, basi likifunga breki, ndio huletwa wa kwanza." Kijana akasema shikamoo, akacheka, ndoo zikabaki. Kroshia haikutoka mkobani.

Nyota mbili zenyewe ni za njia. Baada ya Fufu unateremka, joto linaongezeka, kisha unaliona Bwawa la Mtera na barabara inapita juu ya tuta lake. Pale mabasi husimama, na kinamama wanakuja dirishani na samaki wa kukaanga kwenye masinia. Ushauri wa Shangazi, aliyekulia pwani na hadanganyiki kwa samaki: usichukue aliye juu ya sinia, huyo ndiye wa maonyesho, amekula jua tangu asubuhi. Mwambie akufunulie gazeti akupe wa chini, umbonyeze karibu na mkia. Nyama ikirudi, lipa. Ikibaki na alama ya kidole, mwambie asante mama. Tulikula mpaka Migoli. Kisha Mlima Nyang'oro, kona juu ya kona, na ukiumaliza unafunga dirisha mwenyewe, maana baridi ya Iringa imeanza.

Kabla sijasahau, hesabu inayonisaidia kazini. Viwango vya nauli vya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Zidisha kwa kilomita zako. Kwa 260 unapata kama 12,600 na 17,600. Angalia kama viwango vimebadilika, lakini ukienda stendi na hesabu hiyo kwenye simu, mpiga debe anayekutajia elfu ishirini na tano kwa basi la ndoo atakuacha haraka akamtafute mwingine.

Kwa gesti ya Iringa sitawachosha. Niliambiwa maji ya moto yapo, na kweli yalikuwepo, kwenye birika jikoni. Mwezi wa sita na wa saba Iringa si mahali pa kuoga kwa imani. Ukipiga simu uliza hivi: ya moto ya bombani au ya ndoo? Na uliza blanketi ni mangapi.

Mji wenyewe unastahili. Uko juu ya kilima, unaona bonde la Ruaha Mdogo chini, soko lina vikapu vilivyofumwa kwa mkono ambavyo Dar vinauzwa kwa bei ya kuchekesha. Isimila, kwenye bonde la nguzo za udongo na zana za mawe za kale, tulifika kwa bajaji ya kukodi. Shangazi alitazama kutoka juu akaridhika. Kalenga ndiko alikokaa muda mrefu. Kuna makumbusho madogo yenye fuvu la Chifu Mkwawa, aliyejiua 1898 asikamatwe na Wajerumani. Lilipelekwa Ujerumani na likarudishwa 1954. Wageni wengi hutazama, hupiga picha, hutoka. Muuguzi mstaafu aliinama mbele ya kioo, akatazama upande huu na upande ule, akauliza: "Na mwili wake mmeuzika wapi?" Mwongozaji akasema Mlambalasi, na kuanzia hapo mazungumzo yao yakawa ya watu wawili wanaofahamu kazi. Sisi wengine tukasubiri nje.

Mwenye siku zaidi aendelee Mbeya na Tukuyu, migomba na chai na mvua. Sisi tuligeuza.

Iringa–Morogoro, basi la nyota nne, nalo silitaji kwa sababu lile la mbili sikulitaja. Liliondoka kwa saa. Lilisimama penye choo chenye maji na mlango unaofunga. Ilula wanauza nyanya kwa ndoo. Kisha Kitonga. Kwa asiyejua, ni mlima ambao barabara inauteremka kwa kona za kubana, upande mmoja mwamba na mwingine korongo, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda polepole kiasi kwamba utingo anaweza kushuka akatembea pembeni. Dereva wetu aliweka gia nzito tangu juu, hakumpita mtu hata mmoja mpaka chini. Nyota ya nne ni yake. Bondeni Ruaha Mbuyuni ni vitunguu, halafu mibuyu, mibuyu, mibuyu.

Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Hulipi kiingilio kwa kupita. Kuna mabango ya mwendo na faini kwa atakayemgonga mnyama, kwa hiyo mabasi yanatulia, na ndipo kroshia ilipotoka mkobani tena. Tuliona twiga, pundamilia, nyani wasio na haya, na tembo wamesimama karibu na barabara wakitupuuza. Watu wanalipa mamia ya dola kwa gari la kufungua paa. Kama bajeti yako ni ya basi, panda linalopita Mikumi mchana, basi. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifia mabasi ya usiku. Tangu Oktoba 2023 yameruhusiwa tena na yanaokoa siku, sawa, lakini kwa njia hii unalipa nauli ya kulala usingizi mbele ya tembo.

Kwa wanaotaka Ziwa Victoria: msichanganye na mzunguko huu. Huo ni mwingine. SGR hadi Dodoma, basi la Singida, kuku wa kienyeji hapo, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Na daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ile foleni ya kivuko iliyokuwa inavuruga kila ratiba ya Geita na Bukoba. Wakaguzi wangu walikuwa wanaitengea nusu siku. Sasa sitengi kitu.

Mkinakili mzunguko wetu, uelekeo ni huu huu, Dodoma kwanza na Iringa baadaye. Mabasi ya Dodoma kwenda Iringa ni machache na mengi ni ya asubuhi, hivyo yape siku ambayo huna haraka. Iringa kwenda Morogoro hukosi gari, maana ya Mbeya, Tunduma na Songea yote yanapita hapo. Pale stendi ya Msamvu ndipo tulipoagana. Shangazi hakuwa na sababu ya kurudi Dar. Kuna mabasi ya Tanga yanayopita Chalinze na Segera, akapanda, siti ya mbele, kwa amri yake. Mimi nikachukua bajaji hadi stesheni ya SGR, Kihonda, si mbali. Kata tiketi ya Morogoro–Dar ya treni ya jioni, na kati ya saa ya basi kufika Msamvu na saa ya treni kuondoka acha saa tatu nzima. Lori moja likikwama Kitonga, zote tatu utazihitaji.